Kupanda miti na kuhifadhi mimea ni kazi mbili: tuitazame Malta

Tarehe 13 Novemba 2023 Wakenya walipewa siku ya mapumziko ili wakapande miti. Serikali yao imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tangu hapo kila mvua zikikaribia, mjadala wa miche huanza upya redioni na kwenye makundi ya WhatsApp. Ni jambo jema kuona watu wanajali. Lakini katika mjadala huo mambo matatu yamechanganywa mpaka yanasikika kama jambo moja: kupanda miti, kutunza mazingira, na kuhifadhi bioanuwai. Mtu akiona kilima kilichojaa mikaratusi iliyopangwa mistari anasema hapa mazingira yametunzwa. Akiona uwanda wa mawe wenye vichaka vifupi vilivyokauka anasema hapa pamekufa, paletwe miche haraka.

Naomba tuufungue mkanganyiko huu kwa kutazama visiwa vilivyo mbali na kwetu, visiwa vya Malta katika bahari ya Mediterania. Nimevichagua kwa sababu kule kosa hili linaonekana wazi. Mahali penye utajiri mkubwa wa mimea Malta ndipo hapo ambapo mgeni akipita angeapa kwamba hapana kitu.

Tuanze na maneno yenyewe.

Bioanuwai ya mimea ni wingi wa aina za mimea, yaani spishi, mahali fulani, pamoja na tofauti zilizomo ndani ya kila aina. Haipimwi kwa ukubwa wa shina wala kwa ukijani. Fikiria maduka mawili. La kwanza ni ghala lililojaa magunia ya sembe kutoka sakafuni hadi darini. La pili ni genge la mtaani lenye nyanya, vitunguu, bamia, mchicha, dagaa, tangawizi, ndimu, chumvi na kiberiti, kila kitu kidogo kidogo. Ukipima kwa kilo, ghala limeshinda. Ukihesabu aina za bidhaa, genge limeshinda kwa mbali, na likifungwa mtaa mzima utahangaika. Shamba la mti wa aina moja, hata likiwa na miti milioni, ni lile ghala.

Mmea asilia ni ule uliofika mahali bila kuletwa na binadamu: upepo uliubeba, ndege aliudondosha, au ulikuwapo tangu enzi ambazo nchi kavu ilikuwa imeungana. Mmea mgeni ni ule ulioletwa na watu, kwa kusudi au kwa bahati mbaya. Wageni wengi hawana madhara. Mahindi na mihogo yetu ilitoka Amerika, na hakuna mwenye akili atakayesema tuing'oe. Mgeni anayetoka shambani au bustanini, akasambaa mwenyewe porini na kuwasukuma wenyeji, ndiye anayeitwa mmea vamizi.

Kisha kuna mmea wa pekee, yaani ule unaoota katika eneo moja tu duniani kote. Yale maua madogo ya urujuani ya Usambara, ambayo Wazungu huyafuga madirishani kwao, asili yake ni milima na misitu ya Tanzania na sehemu jirani ya Kenya. Ukiyamaliza huku, porini duniani yamekwisha. Hapa ndipo uzito wa suala zima la uhifadhi ulipo. Mwembe ukikatwa Tanga, kuna miembe India, Mombasa na Brazil. Mmea wa pekee ukifa mahali pake, hakuna pengine pa kwenda kuuchukua.

Lipo pia jina ambalo wanasayansi huyapa maeneo kama Mediterania: kitovu cha bioanuwai kilicho hatarini. Wazo hilo lilitolewa mwaka 1988 na Norman Myers, Mwingereza aliyeishi Kenya miaka mingi. Watu wengi hulisikia wakadhani ni kama nishani, kwamba eneo limesifiwa kwa uzuri wake. Si sifa tupu. Ili eneo liingie kwenye orodha hiyo linatakiwa kutimiza masharti mawili: liwe na angalau spishi 1,500 za mimea ya pekee, na liwe limeshapoteza angalau asilimia 70 ya uoto wake wa asili. Sharti la kwanza ni utajiri, la pili ni hasara. Bonde la Mediterania lina takriban spishi 25,000 za mimea, na zaidi ya nusu hazipatikani kwingine. Misitu ya pwani ya Afrika Mashariki imo kwenye orodha hiyo hiyo, na milima ya Tao la Mashariki pia imo. Kwa hiyo tunaposoma habari za Malta tunasoma habari za ndugu wa msiba mmoja.

Malta iko takriban kilomita 90 kusini mwa Sicily, kisiwa cha Italia. Visiwa vinavyokaliwa ni vitatu, Malta yenyewe, Gozo na Comino, na ukivijumlisha pamoja na vile vidogo unapata kilomita za mraba 316 tu. Unguja peke yake ni zaidi ya mara tano ya hapo. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu zaidi ya watu 519,000 katika eneo hilo, msongamano ambao ni wa juu kuliko nchi nyingine yoyote ya Umoja wa Ulaya. Hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Mvua hunyesha kuanzia vuli hadi mwisho wa majira ya baridi, kisha jua linawaka miezi mfululizo bila tone. Ardhi ni mwamba wa chokaa. Binadamu wamekuwa wakilima, wakifuga na kukata kuni hapo kwa zaidi ya miaka 7,000.

Pamoja na hayo yote, zaidi ya spishi 1,000 za mimea huota zenyewe visiwani humo, ukichanganya wenyeji na wageni waliozoea. Kama ishirini hivi ni za pekee kabisa, hazipo popote nje ya Malta.

Zimetoka wapi? Historia ya mimea ya pekee visiwani huwa na njia mbili, na zote zimepita Malta. Njia ya kwanza ni ya masalia. Takriban miaka milioni 6 iliyopita mlango wa bahari uliounganisha Mediterania na Atlantiki ulizibika, na bahari nzima ikakaribia kukauka. Hali hiyo ilidumu miaka laki kadhaa, mpaka maji ya Atlantiki yalipoingia tena kama miaka milioni 5.3 iliyopita. Katika kipindi kama hicho mimea iliweza kusambaa kwenye ardhi ambayo leo ni chini ya maji. Maji yaliporudi, baadhi ya mimea ikajikuta imefungiwa juu ya vilele. Ndugu zake bara walipokufa kwa baridi au ukame, ile ya visiwani ilisalia. Njia ya pili ni ya vizazi vipya. Mmea unafika kisiwani, hauchanganyiki tena na ndugu zake, na kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, unabadilika mpaka unakuwa spishi yake mwenyewe.

Mfano wa masalia ni ua la taifa la Malta, ambalo Wamalta huliita widnet il-baħar. Ni kichaka chenye majani mazito kama mpira na maua ya zambarau, na kinaota kwenye kuta za majabali yanayotazama bahari. Kilitangazwa kuwa mmea wa taifa mwaka 1973. Ndugu zake wengi wa karibu wako visiwa vya Kanari, huko Atlantiki, maelfu ya kilomita kutoka hapo. Ukiona jamaa wametawanyika namna hiyo unajua ukoo ulikuwa mkubwa zamani na wengi wameshakufa njiani. Leo mmea huu umewekwa katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Sehemu ya tatizo ni machimbo ya mawe yaliyofunguliwa juu ya majabali, na kifusi kikaporomoshwa upande wa bahari, juu ya mimea hiyo.

Kwa nini mimea ya pekee imejazana kwenye majabali? Kwa sababu mbuzi hafiki, jembe halifiki, shoka halifiki. Na mmea unaoweza kuishi kwenye ufa wa jiwe, ukipigwa na mvuke wa chumvi mchana kutwa, hauna washindani wengi. Ndiyo maana spishi nyingine ya pekee, jamaa wa mchicha aliyepewa jina la mtaalamu wa mimea wa Malta, Edwin Lanfranco, ilitambulishwa rasmi kwa sayansi mwaka 1987 tu. Yaani katika visiwa vidogo hivyo, vyenye chuo kikuu na wataalamu waliovitembea kona zote, mmea wa aina yake ulikuwa ukining'inia jabalini bila jina la kisayansi mpaka juzi.

Sasa tuje kwenye ule uwanda wa mawe, kwani hapa ndipo ninapotaka tukae.

Wamalta huuita xagħri. Ni mwamba wa chokaa ulioliwa na mvua mpaka umekuwa na mashimo, nyufa na makali, na ndani ya mashimo hayo kuna udongo mwekundu wa kina cha kiganja. Ukiutazama mwezi Agosti ni kahawia mtupu. Vichaka vinafika magotini: zaatari ambayo nyuki wa Malta hutengenezea asali inayosifika, na mtupa mfupi wa pekee wa Malta ambao hupukutisha majani kiangazi ili usipoteze maji. Chini ya udongo kuna vitunguu vya mwitu na mizizi minene ya okidi, vyote vimelala. Mvua za kwanza za vuli zikinyesha, vinaamka kimoja kimoja. Kufikia Machi uwanda ule ule una okidi za namna mbalimbali, zikiwemo za pekee za Malta. Moja yao ina ua linalofanana na nyuki jike na kutoa harufu yake, hivyo nyuki dume hulirukia akidhani amepata mwenzi, na akiondoka anabeba chavua kwenda kuipeleka ua lingine.

Zaidi ya hapo kuna vidimbwi. Mvua hujaza mabakuli ya mwamba kwa wiki kadhaa, mengine makubwa kama sinia tu, na ndani yake hutokea mimea ya majini ambayo maisha yake yote, kuchipua, kutoa ua na kuzaa mbegu, huisha kabla maji hayajakauka. Kuna mmoja mdogo sana, Elatine gussonei, ambao dunia nzima unapatikana Malta, Gozo, Lampedusa, Sicily na maeneo machache ya jirani. Makazi yake ni bakuli la jiwe. Sheria za Umoja wa Ulaya huviweka vidimbwi vya muda vya Mediterania katika daraja la makazi yanayopewa kipaumbele cha ulinzi, na ukishaelewa vinavyofanya kazi hushangai.

Basi rudi kwa yule mtu anayesema hapa pamekufa. Akileta malori ya udongo, akafukia mashimo na kupanda miti yenye kivuli kizito, ameua okidi kwa kuzinyima jua, amefukia vidimbwi, na zaatari haitaota tena. Picha itapendeza. Hesabu ya miti itapanda. Bioanuwai itakuwa imeshuka.

Si mfano wa kufikirika. Mwaka 2010 kundi lililokuja kupiga tamthilia ya televisheni huko Dwejra, pwani ya magharibi ya Gozo, lilitandaza mchanga wa ujenzi juu ya mwamba ili pafanane na jangwa. Eneo hilo lilikuwa limelindwa kisheria. Mchanga ulijaa kwenye mashimo na nyufa zile zile ambazo ndizo nyumba za viumbe wa pale. Jambo linaloniuma katika kisa hicho ni urahisi wa fikra iliyokitangulia: ni jiwe tu, mchanga utaharibu nini? Hakuna ambaye angethubutu kumwaga mchanga huo kwenye bustani ya maua.

Fikra hiyo hiyo ndiyo inayowapa watu ujasiri wa kuendesha magari na pikipiki juu ya uwanda, kumwaga kifusi, na kufyeka vichaka ili kuweka nyavu za kutega ndege. Utegaji wa ndege wa kuimba ni mila ya zamani Malta na ugomvi wake na Ulaya ulifika mbali. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba Malta ilikuwa inakiuka sheria. Mjadala ulikuwa juu ya ndege, lakini kila mtego unahitaji uwanja uliosafishwa, na kinachosafishwa ni mimea.

Je, hii maana yake kupanda miti ni kosa? Hapana, na naomba nisieleweke vibaya. Malta ilikuwa na miti. Mabaki machache ya misitu ya mialoni yenye umri mkubwa yapo hadi leo, na mti wa taifa, uliotangazwa mwaka 1992, ni jamaa wa saipresi ambao asili yake kubwa ni Morocco, Algeria na Tunisia. Katika Ulaya yote unapatikana kiasili Malta na kipande kidogo cha kusini mashariki mwa Hispania. Utomvu wake ulitumika kutengenezea vanishi, kazi ile ile iliyofanya sandarusi ya pwani yetu isafirishwe ng'ambo. Kuurudisha mti huo kwenye bonde lililokatwa miti, au shamba lililoachwa, ni uhifadhi halisi. Huko Mellieħa, kaskazini mwa kisiwa, mashirika ya kiraia yalianzisha msitu wa aina za miti ya asili mwanzoni mwa miaka ya 2000, yakapanda maelfu. Mwaka 2007 wahalifu waliingia usiku na kuharibu karibu miche 3,000. Wakapanda tena.

Kinachoharibu ni kupanda bila kuuliza ni mti gani na unakwenda wapi. Kwa miaka mingi Malta ilipandwa mikaratusi na akasia za Australia, kwa sababu hukua upesi na hazihitaji matunzo. Wawindaji nao walipanda mikaratusi kuvutia ndege. Akasia ile leo inasambaa yenyewe, na chini yake hakuoti kitu cha maana. Wasomaji wa Baringo, Kenya, hawahitaji maelezo zaidi hapa. Mathenge, mti wa miiba kutoka Amerika, ililetwa miaka ya 1980 kupambana na jangwa, kwa nia njema kabisa, na leo imeziba malisho, miiba yake inatoboa kwato za mbuzi, na watu wanatafuta namna ya kuiondoa.

Kuna imani nyingine inayohitaji kurekebishwa, kwamba mmea unastahili kulindwa pale tu unapokuwa dawa. Nasikia hili sana: mmea huu unatibu nini? Malta ina kisa kizuri kuhusu swali hilo. Karibu na pwani ya Dwejra kuna jabali limesimama baharini, na juu yake huota kitu chekundu chenye umbo la rungu, kisicho na majani. Watu walikiita kuvu ya Malta. Si kuvu. Ni mmea kamili unaotoa maua, Cynomorium coccineum, ila hauna ule ukijani wa kujitengenezea chakula, hivyo unanyonya kwenye mizizi ya vichaka vya chumvini. Kwa kuwa ni mwekundu kama damu, matabibu wa zamani waliamini unazuia damu na kutibu kuhara damu. Wapiganaji wa Mtakatifu Yohane, waliotawala Malta kuanzia 1530 hadi 1798, waliuthamini kiasi kwamba mwaka 1746 mkuu wao, Pinto, alipiga marufuku mtu kukanyaga jabali hilo. Kuta zake zilichongwa ziwe laini ili mtu asipate pa kukanyagia, mlinzi akawekwa, na aliyekamatwa angeweza kupelekwa kupiga makasia kwenye merikebu za wapiganaji hao.

Sifa zake za kitabibu hazikuja kuthibitishwa. Tena mmea wenyewe si wa Malta peke yake: unaota kuanzia nchi za Mediterania hadi Asia ya Kati. Kumbe hazina iliyolindwa kwa mlinzi ilikuwa ya kawaida, huku mimea ambayo kweli haipo kwingine duniani ikiota kimya kwenye majabali ya jirani bila mtu kuitilia maanani. Mmojawapo ni ua dogo la manjano lenye majani meupe ya kinyweleo, linaloota magharibi mwa Gozo tu, na leo limo katika kundi la walio hatarini kabisa. Uzuri ni kwamba jabali lile sasa ni hifadhi ya viumbe wake wote, akiwemo mjusi ambaye nususpishi yake iko hapo tu. Lakini tazama jinsi kigezo cha dawa kilivyowapotosha watu karne nzima.

Tukizungumzia wageni, Afrika yetu nayo imetoa mchango wake usiopendeza. Kila majira ya baridi mashamba na mabonde ya Malta yanafunikwa zulia la maua ya manjano, na watalii hupiga picha wakidhani ndiyo Malta ya asili. Ua hilo linatoka Rasi, Afrika Kusini. Lilifika Malta mwanzoni mwa miaka ya 1800 na kutoka hapo likaenea sehemu kubwa ya Mediterania. Huzaa kwa vitunguu vidogo vidogo vinavyojificha ardhini, ukilima unavisambaza, ukiacha vinaongezeka. Mbarika nao, ambao wengine huuita mnyonyo, mwenyeji wa upande wetu huu wa Afrika, umegeuka kero kwenye mabonde ya Malta ambako maji machache yaliyopo yalikuwa tegemeo la mimea ya asili. Kwetu mmea ule una wadudu wake, magonjwa yake na majirani wanaojua kushindana nao. Kule umefika peke yake, maadui wake umewaacha nyumbani.

Sasa tuingie sehemu ngumu kidogo. Mtu atauliza: kwa nini tusichukue mbegu za mimea hiyo adimu tukaziweka kwenye friji, kisha visiwa vijengwe watu wapate nyumba? Benki za mbegu zipo na ni muhimu sana. Lakini mbegu ni sehemu tu ya mmea. Jibu kamili linapatikana visiwa vya Balearic vya Hispania, upande wa pili wa bahari hiyo hiyo.

Kisiwa cha Menorca kilikuwa na mmea wa pekee unaoitwa Lysimachia minoricensis. Ulitoweka porini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Kwa bahati bustani za mimea za Ulaya zilikuwa nao, kwa hiyo haujafa. Unaota vizuri kwenye chungu. Majaribio ya kuurudisha nyumbani yamefanywa, lakini haujaweza kujisimamia porini kwa kudumu. Mimea yote iliyobaki imetokana na michache, tofauti za ndani zimekwisha, yaani imefanana mno, na mazingira yaliyoulea hayako tena kama yalivyokuwa.

Menorca hiyo hiyo ina kichaka kiitwacho Daphne rodriguezii, nacho ni cha pekee. Matunda yake yaliliwa na mjusi wa asili wa kisiwa, aliyekwenda kudondosha mbegu mbali na mama. Binadamu walipoleta wanyama walao nyama kutoka bara, mjusi yule alimalizwa kwenye kisiwa kikubwa. Kichaka bado kipo pwani ya Menorca, lakini miche michanga ni haba, kwa kuwa matunda huangukia chini ya mama na kuishia hapo. Kwenye kisiwa kidogo cha Colom, hatua chache tu kutoka pwani, mjusi bado yupo, na huko kichaka kinazaana. Mmea ni ule ule, jua ni lile lile, kilichopungua ni mjusi. Friji haiwezi kuhifadhi uhusiano wa namna hiyo, na mimi naona hii ndiyo sababu yenye nguvu kuliko zote ya kulinda mahali penyewe.

Kwa Malta kuna jambo moja zaidi linaloharakisha saa. Hali ya hewa inapopata joto, mimea ya milimani huweza kupanda juu kidogo kidogo kufuata ubaridi. Kilimanjaro ina nafasi ya kupandia. Sehemu ya juu kabisa ya Malta ni mita 253, na baada ya hapo ni anga. Mimea ya majabali iko mahali pake pa mwisho, na nafasi iliyobaki ni kuondoa vitisho vile ambavyo mkono wa mtu unaweza kuviondoa: kifusi, magurudumu, simenti na mimea vamizi.

Kwa anayetaka kushika jembe msimu ujao, maswali ni machache. Hapa paliota nini kabla? Mche huu ni mwenyeji wa hapa, au nimeuchukua tu kwa sababu ndio uliokuwa ukigawiwa? Kivuli chake kitamfunika nani? Kama mahali ni mbuga ya nyasi, au kinamasi, au uwanda wa mawe ambao haujawahi kuwa msitu, huenda kazi bora ya siku hiyo ni kuzuia lori la taka lisimwage hapo, au kung'oa kisichostahili kuwapo.

Kung'oa kunawezekana, na Menorca wamefanya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya, walianza kuondoa mmea vamizi wa Afrika Kusini wenye majani manene ya maji, Carpobrotus, ambao ulikuwa umepandwa kama pambo na kutandaa pwani juu ya mimea ya pekee ya kisiwa. Waliondoa mamia ya tani, sehemu kubwa kwa mikono, hata kwenye miteremko ya hatari juu ya bahari. Kisha ikabidi warudi kwenye maeneo yale yale kung'oa miche mipya, kwa sababu mbegu zilizobaki ardhini ziliendelea kuchipua kila mvua zilipokuja.